Rubani wa Miraa na Rubani wa Abiria

Katika Maua, mji ulioegemea vilima vya Nyambene, hata mtoto wa darasa la pili hujua kwamba miraa ni bidhaa isiyosubiri. Kwani kijiti kilichochumwa leo kina nguvu zake kamili kwa muda wa siku mbili hivi, na muda huo ukipita, ile dawa iliyomo ndani yake iitwayo kathinoni, ambayo ndiyo impayo mtafunaji macho makavu usiku kucha, huvunjika ikawa kitu hafifu, na kilichokuwa fedha huwa chakula cha mbuzi. Kwa sababu hiyo kila mkono uugusao mzigo huu, tangu wa mchumaji aliye juu ya mti hata wa mama muuzaji katika soko la Mogadishu, hulipwa kwa haraka yake kabla ya kulipwa kwa ustadi wake. Na miongoni mwa mikono hiyo mmoja ni wa rubani, mtu ambaye wakulima wa Igembe na Tigania humtegemea kuliko wamtegemeavyo mbunge wao, ijapokuwa hawamjui kwa sura wala kwa jina.

Ukipita Maua, Kangeta au Laare wakati wa kufungasha, utawakuta vijana wamekaa chini ya mapaa ya mabati, wakivilinganisha vijiti kwa urefu na kwa wekundu wa ngozi, wakivifunga kwa nyuzi za mgomba katika vitita vidogo viitwavyo shurba, shurba kumi zikawa bunda, bunda likavikwa jani bichi la mgomba ili unyevu usitoke, na mabunda yakashindiliwa katika magunia. Magunia hayo hupakiwa nyuma ya pikapu hata chasisi ikalalamika, kisha dereva hushika njia ya Meru, Nkubu, Chuka na Embu, akateremka hadi Makutano na kuingia Nairobi kwa barabara ya Thika, akiwa na ahadi moja tu kichwani, nayo ni kwamba ndege haitamngoja. Akifika kwa wakati hulipwa ujira wa safari yake, na akichelewa mzigo ukaachwa, hasara humwangukia yeye na mwenye mali pamoja. Matatu anayoipita kwa kasi katika kona za Daraja la Nithi ina dereva mwenye hesabu nyingine kabisa, maana yule hudaiwa na mwenye gari kiasi fulani cha fedha kila jioni, na kinachozidi ndicho chake na makanga wake. Barabara ni moja, leseni ni za serikali moja, na ajali huwakuta wote wawili. Tafauti ya mapato yao hutoka katika mapatano yaliyofanywa kabla ufunguo haujazungushwa.

Nimeanza na madereva kwa makusudi, kwa kuwa wazazi wengi wa Meru na Embu, wanapopata mtoto mwenye akili ya hesabu anayetamani kusomea urubani, huuliza swali moja kabla ya kuuza kipande cha shamba: je, rubani wa kubeba watu na rubani wa kubeba mizigo, ni yupi mwenye mshahara mkubwa? Nao aghalabu hujijibu wenyewe kwamba abebaye watu ndiye apaswaye kulipwa zaidi, madhali roho za watu mia mbili zi mikononi mwake, ilhali mwenzake amebeba magunia. Jawabu hilo lina sura ya haki, walakini haki hiyo haipo katika vitabu vya mishahara.

La kwanza la kufahamu ni kwamba sheria haina leseni mbili. Kijana akimaliza mafunzo yake pale Wilson, uwanja uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, bibi aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929, hupewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya leseni ya biashara kwa takriban saa 200 za hewani, na akizidi kuruka hata akafikisha saa 1,500 huweza kuomba ile ya juu kabisa, inayomruhusu kuwa kapteni wa ndege kubwa. Katika karatasi hizo hapana mahali palipoandikwa watu au mizigo. Ndege zenyewe nazo hubadilika kazi bila kubadilika umbo: ile Fokker 50 iliyowahi kubeba abiria hamsini huko Ulaya huweza kung'olewa viti, ikatandikwa sakafu tupu na nyavu za kuzuilia magunia, ikawa ndege ya miraa siku hiyo hiyo, na usukani wake hauna habari.

Pili, ijara ya rubani si fungu moja. Kuna mshahara wa mwezi ambao hulipwa hata kama ndege imelala bandani. Kuna malipo ya saa, yanayohesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hata inaposimama tena. Kuna posho ya kulala ugenini. Kuna bima na akiba ya uzeeni. Na kuna daraja, maana kapteni humzidi msaidizi wake kwa mbali, na aliyekaa kampuni moja miaka ishirini humzidi aliyeingia jana ingawa wameketi katika chumba kimoja. Kwa hiyo marubani wawili wanaweza kutaja kiwango kimoja cha saa, na mwisho wa mwaka mmoja akawa amejenga nyumba na mwingine angali anadaiwa kodi, kwa kuwa wa kwanza amedhaminiwa saa zake za mwezi na wa pili amedhaminiwa neno la tajiri. Dhamana hiyo ndiyo kiini cha habari yote. Na mzazi anayeuliza kiwango cha saa pasipo kuiuliza ameuliza nusu ya swali.

Tazama upande wa abiria. Shirika la Kenya Airways, lililozaliwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa lile la Afrika Mashariki, lina marubani walioungana katika chama chao kiitwacho KALPA, nao hupatana na mwajiri kwa mkataba ulioandikwa. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020 mishahara ilikatwa na michango ya akiba ya uzeeni ikasimamishwa. Na marubani hao, walipoona ndege zimerudi angani na michango haijarudi, waligoma tarehe 5 Novemba 2022, wakaacha maelfu ya wasafiri wamekaa juu ya masanduku yao katika uwanja wa Jomo Kenyatta, hata mahakama ya kazi ilipowaamuru warudi siku chache baadaye. Wako waliowalaani kwa uchoyo, wakasema watu wenye mishahara mikubwa kama ile hawana haki ya kulia. Nami sikubaliani na kauli hiyo, kwani akiba ya uzeeni ni mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi. Lakini hapa si mahali pa kuamua kesi yao. Lililo muhimu ni kwamba walikuwa na uwezo wa kusimamisha kazi, na uwezo huo ulionekana na nchi nzima, kwa sababu abiria aliyekwama ana mdomo, ana simu, na ana ndugu katika gazeti.

Gunia la miraa halina mdomo. Likikwama huoza kimya, na anayelia ni mkulima wa Mutuati aliye mbali na uwanja wa ndege zaidi ya kilomita mia mbili. Rubani wake naye aghalabu ni mtu wa kampuni ndogo yenye ndege chache, mwenye mkataba mfupi, anayelipwa kwa saa au kwa safari, na asiye na chama cha kumsemea. Nauli ya mzigo hulipwa kwa dola, na zipo siku za neema ambapo rubani wa namna hiyo, akiruka kwenda Mogadishu na kurudi kila kukicha, huweza kupata fedha ambazo rubani msaidizi wa shirika kubwa angezitamani. Shida yake ni kwamba siku za neema hazina mwenyewe.

Na historia ya njia ile inatosha kuonyesha. Katika miaka ya vita, uwanja mkuu wa Mogadishu ulipofungwa tangu 1995 hata 2006, ndege za miraa zilitua katika viwanja vya vumbi nje ya mji, kama kile kiitwacho K50 kwa kuwa kiko yapata kilomita hamsini kutoka mjini, mahali ambapo rubani hakuwa na mnara wa kuzungumza naye, wala taa, wala gari la zimamoto, ila watu wenye bunduki wanaongoja mzigo wao. Novemba 2006 Mahakama za Kiislamu zilizokuwa zimetawala mji zilipiga miraa marufuku. Septemba 2016 serikali ya Somalia ilizizuia ndege za miraa kwa siku chache. Machi 2020 ikazizuia tena, safari hii kwa sababu ya korona, na zuio likageuka kuwa la siasa, hata Julai 2022, alipokwisha kurejea madarakani Rais Hassan Sheikh Mohamud, mlango ulipofunguliwa. Miaka miwili na zaidi bila soko! Katika muda huo huo shehena ya anga duniani kote ilikuwa na msimu wake mkubwa kuliko wowote uliokumbukwa, kwa kuwa ndege za abiria zilikuwa zimelala na dunia ilikuwa ikigombania barakoa na dawa. Marubani wa mizigo wa Marekani na Ulaya walipata saa hata wakachoka, na rubani wa miraa, ambaye naye kwa jina ni rubani wa mizigo, alikaa nyumbani akihesabu akiba yake.

Hatari nayo haina budi kutajwa, maana watu hudhani kwamba palipo na hatari pana malipo. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 2014, Fokker 50 iliyojaa miraa iliondoka Jomo Kenyatta kwenda Mogadishu, na kabla haijapata kimo cha maana ikaangukia jengo la biashara huko Utawala. Wote wanne waliokuwamo wakafariki. Tarehe 4 Mei 2020, ndege nyingine ya Nairobi, aina ya Embraer Brasilia, iliyokuwa imechukua vifaa vya kupambana na korona, ilipigwa risasi na askari wa Ethiopia ilipokuwa ikitua Bardale, nchini Somalia, nao wakakiri kwamba waliidhania vingine. Watu sita wakafa. Angalau rubani wa msafara wa misaada huweza kuwa na mkataba wa shirika la kimataifa unaotaja bima na fidia. Anayebeba miraa hubeba bidhaa ambayo nchi nyingi zinaiona ni haramu, na ambayo serikali moja huikubali Jumatatu na kuikataza Ijumaa, na kwa hiyo mwenye ndege hana moyo wa kumwandikia rubani mkataba wa miaka mitano. Hatari huongeza malipo pale tu ambapo mwenye kuibeba anaweza kuikataa.

Msomaji atauliza kama basi rubani wa shehena kila mahali ni mnyonge. Hasha. Huko Marekani, kampuni ya FedEx, iliyoanza kuruka kutoka Memphis mwaka 1973 kwa ndege ndogo 14, na mwenzake UPS, zililipa makapteni wao kwa miaka mingi sawa na mashirika makubwa ya abiria au kuwazidi. Kapteni mkongwe wa ndege kubwa huko hupata zaidi ya dola 300 kwa saa, tena akiwa amedhaminiwa kiasi cha saa 70 kila mwezi, aruke asiruke. Sababu si mapenzi ya kampuni hizo kwa vifurushi. Marubani wao wana vyama, na biashara yenyewe imejengwa juu ya ahadi ya kifurushi kufika kesho asubuhi, hata mgomo wa usiku mmoja ukaweza kuvunja ahadi ya nchi nzima. Kinyume chake, kampuni nyingine za mizigo za nchi hiyo hiyo, zinazokodishwa kwa mkataba na zinazorusha ndege kubwa vile vile, zililipa kidogo kwa miaka mingi, na marubani wake wakawa wanazitumia kama ngazi.

Hata hivyo mizani haikai mahali pamoja. Machi 2023 marubani wa Delta, shirika la abiria, walipata mkataba wa kuongezwa asilimia 34 kwa miaka minne, kwa kuwa baada ya korona abiria walirudi kwa wingi na marubani walikuwa haba. Wa FedEx, ambao mizigo yao ilikuwa imeanza kupungua, waliletewa mkataba wenye nyongeza ya asilimia 30, nao Julai mwaka huo wakaukataa kwa asilimia 57 ya kura. Na hivyo wale waliokuwa mbele wakajikuta nyuma, hali mikono yao haijapungua ustadi hata chembe.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo rubani wa mizigo wa Marekani analo chungu kama la mwenzake wa Wilson. Februari 2009 ndege ya abiria ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, na uchunguzi ukafichua jinsi marubani wadogo walivyokuwa wakiruka na usingizi machoni. Serikali ikatunga sheria mpya ya mapumziko, iliyoanza Januari 2014. Na sheria hiyo ikawaacha nje marubani wa mizigo, kwa hoja kwamba gharama yake ingezidi faida. Miezi michache kabla haijaanza, Agosti 2013, ndege ya UPS ilikuwa imeanguka kabla ya mapambazuko huko Birmingham, Alabama, na kuwaua marubani wake wawili, na uchovu ukatajwa miongoni mwa sababu. Uchovu hauulizi kilichopakiwa nyuma. Mwenye kuruka usiku wa manane kwa sababu kifurushi au jani haliwezi kungoja jua hulipa kwa afya yake, na malipo hayo hayaonekani katika karatasi ya mshahara.

Kama bado msomaji ana shaka kwamba mzigo wenyewe hauamui ijara, na alitazame shirika letu la taifa. Abiria walipokosekana wakati wa korona, Kenya Airways iling'oa viti katika baadhi ya ndege zake za Boeing 787 na kuzigeuza za shehena. Waliozirusha ni marubani wale wale waliozirusha zilipokuwa na watu, na mabishano yao na mwajiri yalibaki mabishano yale yale ya akiba na makato. Kadhalika waridi linalokatwa Timau, katika Kaunti ya Meru, likapozwa na kupelekwa Nairobi, huweza kwenda Ulaya katika ndege iliyojaa maua matupu, au huweza kwenda katika tumbo la ndege ya abiria, chini ya miguu ya watalii wanaorudi makwao. Hata miraa iliwahi kwenda hivyo: kabla Uingereza haijaipiga marufuku Juni 2014, zaidi ya tani 2,500 kwa mwaka ziliingia nchi ile, nyingi zikiwa zimelala chini ya abiria kwenda Heathrow, na kapteni aliyezirusha hakujiita wa mizigo wala hakupunguziwa senti.

Upande wa Embu mambo ni mengine, kwani muguka wa Mbeere, ambao ni ndugu wa miraa unaotafunwa majani badala ya ngozi ya kijiti, soko lake kubwa liko Nairobi na Mombasa, nao husafiri kwa gari. Mei 2024, magavana wa Mombasa na Kilifi walipoupiga marufuku, waliopoteza kazi walikuwa madereva na wapakiaji, wala hapana rubani aliyeguswa, hata Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha marufuku hizo. Walioota kwamba shehena ya Meru itapata ndege karibu na nyumbani waliwekewa Uwanja wa Isiolo, ambao sehemu ya njia yake ya kurukia imo katika ardhi ya Meru, na ambao ndege za abiria zilianza kuutumia mwaka 2017. Lakini njia hiyo ina urefu wa kilomita 1.4 hivi, nayo ni fupi mno kwa ndege nzito za mizigo, na pikapu zingali zinateremka Nithi kama zamani.

Turudi kwa yule kijana ambaye shamba limeuzwa kwa ajili yake. Akitoka mafunzoni na saa zake 200, shirika kubwa halimtaki bado, maana linataka mtu aliyekwisha kukomaa. Na wa kumkomaza ni kampuni ndogo za Wilson zenye Cessna Caravan na ndege za zamani, zinazokwenda Somalia, Sudan Kusini na Kongo. Huko hupokea malipo madogo bila kunung'unika, kwa sababu anachokitafuta kwa hakika ni saa za kuandika katika daftari lake: saa ya miraa huandikwa kwa wino ule ule wa saa ya abiria, na zikitimia 1,500 ataomba kazi Kenya Airways, au ataelekea Ghuba ya Uajemi, kwa Emirates na Qatar Airways, ambako Wakenya wengi wamekwisha kutangulia. Siku anayoondoka, nyuma yake kuna wengine watatu wanaongoja kiti chake, kila mmoja na shamba lake lililouzwa. Mwenye kampuni anafahamu hayo. Na ndiyo maana katika njia ya Mogadishu huoni marubani wa miaka ishirini walioketi pamoja kuandika madai yao, kwa kuwa aliyepata uzoefu wa kutosha kudai amekwisha kuhama, na aliyebaki angali anahesabu saa.